Mbinja ya Mkwezi Ndani ya Simu

Mejumaa mwanangu,

Umekwenda kwa Mama Kioko kunyolewa nywele za shule, nami namjua Mama Kioko, akishakishika kichwa cha mtu hakiachi mpaka amalize habari za Ukunda nzima. Kwa hivyo nina muda. Si mwingi. Nimefunga kibanda nusu mlango, nimekaa juu ya kreti la soda, karatasi nimeiweka juu ya redio kubwa. Mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke, redio ina joto na mimi nina njaa ya saumu.

Mambo ya blanketi, ndoo na sabuni sitayagusa. Yamo kwenye orodha ya shule, na wewe umeyahesabu mara nne. Mimi ni nani nikufundishe kufunga sanduku? Mimi ndiye niliyekwenda arusini Msambweni na viatu viwili vya mguu wa kushoto, nikasema ndiyo mtindo. Na mjomba wako nimeshamwambia asiniletee wasiwasi wake. Eti lazima mfike Voi kabla mwaka haujageuka kuwa elfu mbili, kwa sababu usiku ule kompyuta zote zitakufa na magari yatasimama njiani. Nikamwambia, kaka, gari lako halina kompyuta, hata breki zake sina hakika nazo. Hakucheka. Basi nendeni. Idi utaila huko, na mimi nitaila hapa, na mwezi ni huo huo mmoja.

Sasa unaona? Nimeanza kucheza. Hivi ndivyo nilivyofanya mara tatu wiki hii. Jumanne tulipokuwa tukianua nguo nilifungua mdomo nikaishia kukusimulia habari za kuku wa jirani. Jana nikafungua mdomo nikakuuliza kama umeipiga pasi ile sare. Ulimi wangu unajua kukimbia, Mejumaa, umekimbia tangu nikiwa mtoto. Mkono unakwenda polepole kidogo. Ndiyo maana naandika.

Kanda ya babako haikuharibiwa na mvua. Haikuharibiwa na wewe. Niliiharibu mimi.

Nimeshaliandika. Sasa lisome tena halafu uendelee, kwa sababu nataka ujue lote.

Lazima nianzie kwa babako, na mengine unayajua, lakini unayajua kama mtoto aliyekuwa chini akitazama juu. Mimi niliyajua nikiwa ndani ya choo. Usicheke! Ndivyo nilivyomjua Bakari. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, Tiwi, kwa nyanyako, na bafu letu lilikuwa la makuti, lisilo na paa kama mabafu yote. Na unajua ada ya wakwezi. Mkwezi hapandi mnazi wa mtu kimya kimya. Akiwa juu anaona nyua zote, nani anaoga, nani amevua ushungi, nani anapika nini na hakualika mtu. Kwa hivyo akishika shina tu, kabla ya kidato cha kwanza cha kukanyagia, anapiga mbinja yake, mluzi wa midomo, na wanawake wote huku chini wanajifunika. Kila mkwezi na yake. Haiazimwi wala hairithiwi, na ukimwibia mwenzako mbinja hamtakunywa dafu moja tena. Watu walikuwa hawasemi "kuna mkwezi." Walikuwa wanasema, "Huyo Bakari yuko kwa Mwanamkasi," na wanasema kwa sikio tu, bila ya kuinua uso.

Sasa mimi siku hiyo niko na povu kichwani. Nasikia mbinja. Na ilikuwa inapanda, Mejumaa, ile mbinja yake ilikuwa inapanda kama yeye mwenyewe, kidato kwa kidato, halafu inasimama kidogo kama mtu anayeshika pumzi, halafu inapanda tena. Nilichukua kanga nikajifunga nikatoka mbio, povu linanitiririka machoni, nikapiga kelele, "We mkwezi! Ungengoja niioshe hii sabuni!"

Akajibu kutoka juu, sauti yake inatoka kwenye makuti, "Dada, mimi nimebisha hodi. Tatizo ni kwamba mlango wako uko mbinguni."

Mwaka uliofuata ulizaliwa wewe. Hadithi yenyewe ni fupi hivyo. Nyanyako alisema nina haraka, akasema nitakwenda na haraka yangu hadi nitajikwaa. Nilimjibu vibaya na sitaandika nilimjibu nini.

Lakini sikiliza, hapa ndipo penye jambo. Miaka yote niliyoishi na babako mimi niliijua mbinja ya kupanda peke yake. Kwa sababu ikianza tu mimi nakimbia. Najifunika, naingia ndani, nimekumbuka chungu kiko motoni, nimeondoka. Sikujua kwamba alikuwa na mbinja ya kushuka. Wewe ndiye uliyejua. Ulikuwa unakaa chini pale na kikapu chako cha kuokota vidaka, zile nazi changa, umekatazwa kusogea mpaka nazi zote ziangushwe, na akimaliza alikuwa anashuka akipiga ile nyingine, ndogo, ya mtu mmoja. Wewe ukiisikia unajua sasa nazi zimekwisha, unaweza kwenda kukumbatia shina. Niliisikia kwa mara ya kwanza siku tuliyomrekodi.

Nilikuwa nimenunua ile redio yangu ya kwanza, ile nyekundu yenye kidude cha kurekodi. Unaikumbuka? Nilikuwa sijalala kwa furaha. Nilirekodi jogoo, nikarekodi adhana, nikarekodi nyanyako akigombana na muuza samaki, ikawa balaa. Nikasema lazima nimrekodi Bakari. Akakataa. "Mbinja si ya kuwekwa ndani ya kopo." Nikamsumbua siku tatu. Ya nne akakaa chini ya mnazi, ana haya kama bwana arusi, akapiga ya kupanda, akapiga ya kushuka, na pale mwisho akakohoa. Nikadhani nimezima. Akaniambia, "Usivunje vile vimeno. Pale mwisho nimekosea, nitarudia nikipona kifua."

Wewe umekulia ndani ya kanda, hakuna haja ya kukufundisha vimeno. Vile viwili vya mgongoni: ukivivunja, kanda haikubali kurekodiwa tena, imefungwa, imehifadhika. Ukiviacha, mashine yoyote inaweza kuipitia juu. Nikaviacha. Ni yeye aliyesema. Kifua kikapona kikarudi, kikapona kikarudi, na mwaka uliofuata tukampeleka Msambweni hospitalini na hakutoka kwa miguu yake. Ulikuwa na miaka saba. Na mimi ishirini na nne, sijui kitu, nina redio moja nyekundu na mtoto anayepiga mbinja mpaka majirani wanakuja kunishtaki. "Mwanaidi, mtoto wa kike hapigi mbinja." Nikawa nakukataza. Ningejua!

Hata baada ya hapo sikuvivunja vile vimeno. Nilikuwa najiambia ni kwa sababu aliniambia nisivivunje. Lakini nadhani niliogopa kwamba nikivivunja nitakuwa nimekubali kwamba harudi kurudia pale mwisho. Sikuwa na akili ya kuliona hivyo wakati ule. Nilikuwa na mikono tu, na mikono yangu ilikuwa haitulii. Ndipo nikafungua kibanda hiki, nikajifunza kuunga utepe uliokatika, kusafisha vichwa vya redio kwa spiriti, kuifungua redio ya mtu na kuifunga bila ya skrubu kubaki. Hakuna aliyenifundisha. Najivunia, ndiyo. Lakini anayejifundisha mwenyewe, mwanangu, hana wa kumpiga kofi mkono unapokwenda mahali pabaya.

Ilikuwa Ijumaa. Mwaka juzi, kabla ya ile mvua kubwa, kama miezi miwili kabla. Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa naisikiliza kanda ya babako, mimi peke yangu, wewe uko shule. Siku hiyo niliiweka upande wa kulia wa mashine, ule wa kurekodia, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa unakwaruza. Mara akaja Mama Salama, mbio, jasho, buibui liko begani. "Mwanaidi haraka! Bi arusi anatolewa saa nane na kanda ya taarabu imetafunwa! Nirekodie ule mmoja tu, ule mrefu!"

"Keti, shangazi."

"Siketi! Nikiketi sitainuka!"

Nikacheka. Nikachukua kanda yangu ya taarabu, nikaitia kushoto, nikabonyeza ile ya kurekodi mbio mbio, nikatoka nje na Mama Salama tukasimama mlangoni tukimsema mama wa bwana arusi. Tulimsema vizuri sana. Nilicheka mpaka machozi. Na huku nyuma yangu mashine inazunguka, kushoto taarabu, kulia babako.

Niliporudi nikaitoa, nikageuza niandike jina, nikauona mwandiko wangu mwenyewe. "Bakari. Isiguswe."

Sikulia wakati ule. Nilichukua kanda nyingine mpya, nikamrekodia Mama Salama wimbo wake, nikamwambia hongereni, akaenda. Halafu nikaweka ile. Taarabu, taarabu, taarabu. Wimbo wote mrefu. Nikangoja. Ulipokwisha kukawa na mkwaruzo, na baadaye sekunde chache zilizobaki, nitakwambia ni nini mbele.

Nikaificha ndani ya bati la unga. Nikasema nitakwambia jioni. Jioni nikasema Jumamosi. Wewe unajua wengine wanavyosema, mtu mwenye haraka hana subira? Uongo. Mimi kwa kuahirisha nina subira ya mawe.

Ikaja mvua. Unaikumbuka kuliko mimi. Barabara ilikuwa mto, watu walivuka na meza. Nilikuwa Diani natengeneza spika za hoteli, nilikuachia neno asubuhi: mbingu zikifunga, liingize boksi la kanda ndani. Na wewe ulikuwa na kitabu chako, ukachelewa. Kanda thelathini na kitu zikajaa tope. Nilipofika ulikuwa umekaa katikati yake ukizipangusa moja moja na gauni lako, na ukaniuliza jambo moja tu. Hukuuliza nitakuchapa au sitakuchapa. Ulisema, "Na ya baba ilikuwa humu?"

Mejumaa, nilikuwa na mlango wazi mbele yangu. Ningesema haikuwamo. Neno moja. Nilikutazama nikasema, "Imeharibika."

Si uongo kwa herufi, unaona? Ilikuwa imeharibika. Nimejitetea kwa hilo miaka miwili. Lakini nilijua ulichokisikia, na nilikuacha ukisikie, na nikaona raha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko taarabu. Nilihisi mzigo umetoka kwenye kichwa changu, nikavuta pumzi, wala sikutazama umeangukia kichwa cha nani. Cha mtoto wa miaka kumi na miwili.

Tangu siku ile ukawa mtoto wa kuhakikisha. Watu wananisifu. "Mwanaidi, binti yako ana utaratibu!" Unafunga dirisha, unarudi unalitazama. Unazima jiko, unarudi unalishika kama ni baridi. Blanketi umelihesabu mara nne. Mimi nasikia hizo sifa na nataka kuingia chini ya meza. Na mbinja uliacha. Hakuna aliyekukataza tena, uliacha mwenyewe.

Ngoja, kuna mtu anabisha.

Ni mteja wa betri. Amekwenda. Mchana umeinama kidogo, lazima nikimbie. Sasa nikupe habari ya simu, maana umeniona nikiifinya finya mwezi mzima na ukaniuliza, "Mama, una mchumba?" Sina mchumba. Nina Mzee Nzai.

Mzee Nzai wa Kinango, yule mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye kofia. Alikuja na simu yake ya mkononi imefungwa ndani ya leso kama mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akasema, "Marahaba mwanangu. Imeanguka ndani ya pipa la maji ya ng'ombe."

Nikamwambia, "Mzee, Kinango watu wanatafuta maji mwaka mzima hawayapati, simu yako imeyapataje?"

"Ndiyo ujue ni simu ya akili," akasema. "Lakini kule haishiki hata mtandao, hakuna aliyenipigia tangu niinunue. Nikiwa Kinango ni ya kushikisha watu adabu. Nikishuka Diani ndipo inakuwa simu."

Nikaifungua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimefungua simu ya mkononi! Nikaipangusa kwa spiriti na mswaki, nikaianika juani wiki nzima kwenye sinia la mchele, na yeye subira ikamwisha akanunua nyingine. Ile ya zamani ikaamka siku ya nane, kioo kimepasuka lakini hai. Nikamwita aje aichukue. Akasema, "Baki nayo. Lakini nifanyie jambo kwenye hii mpya. Juzi niko hotelini na wanunuzi wa mbuzi, ikalia simu moja, wazee watatu tukajishika viuno. Zote zinalia wimbo mmoja kama ndugu. Nataka yangu ilie yangu. Mimi ninayo kanda ya ngoma ya arusi yangu, ni mali yangu, nimeitunza. Iingize humo."

"Mzee, kanda haiingii ndani ya simu."

"Wewe si fundi?"

Hilo neno ndilo dawa yangu, unanijua. Nikaikeshea, si usiku, mchana kutwa, mpaka nikaunguza mchuzi. Ndani mle kuna mahali unajiandikia mlio mwenyewe. Kitabu chake kilikuwa cha Kijerumani, kwa hivyo nikabonyeza na kusikiliza, nikabonyeza na kusikiliza. Namba ya kwanza mpaka ya saba ni sauti saba, zinapanda. Nane inaifupisha, tisa inairefusha, sifuri ni kunyamaza, nyota inairusha juu. Sauti moja kwa wakati mmoja, huwezi kupiga ngoma na zumari pamoja. Na jumla ni sauti hamsini. Hamsini na basi, mlango unafungwa.

Tatizo likawa, nasikia wimbo kichwani lakini sijui sauti ipi ni namba ipi. Ndipo nikambebea kanda Mama Kioko. Wewe unamjua kwa mandazi na mkasi, lakini yule mama kanisani kwao ndiye anayefundisha kwaya. Akasikiliza mara mbili, akafunga macho, akaanza, "So, so, la, so, do..." Nikamkumbatia na unga wake! Do ni moja, re ni mbili, mi ni tatu. Kumbe kanisa na simu vimeandikwa kwa mkono mmoja. Nikaipiga ngoma ya Mzee Nzai namba kwa namba, akaisikia, akavua kofia. Akasema, "Bibi yangu wa kwanza atasikia hii atapika mara mbili."

Siku hiyo, njiani nikirudi, ndipo lilipoingia. Nikasimama katikati ya barabara, boda wa baiskeli akanitukana. Mbinja! Mbinja ni sauti moja kwa wakati mmoja. Haina ngoma, haina zumari, haina maneno. Sikuhitaji kanda. Nilihitaji mtu anayeijua tu.

Nikakaa kwa Mama Kioko nikampigia ya kupanda. "Hii si wimbo, Mama Mejumaa," akasema, "hii ni ndege imekanyagwa." Lakini akaiandika, do re mi, nyuma ya karatasi ya unga. Tukafika juu ya mnazi. Akasema, "Haya, endelea."

Sikuwa na cha kuendelea. Niliisikia siku ile ya kurekodi, na nikaisikia kila Ijumaa kwenye kanda, lakini kichwa changu kinahifadhi mwanzo wa kila kitu na kinatupa mwisho. Babako alikuwa amekwama kule juu, Mejumaa. Nimempandisha na sijui kumshusha.

Kwa hivyo Jumatatu ya wiki hii, ulipokuwa umekalia mbuzi ukikuna nazi ya futari, nilikuuliza kama mtu asiyejali. "Hivi babako alikuwa akishuka anapigaje?"

Ukaacha kukuna. "Kwa nini?"

"Basi tu. Nimekumbuka."

"Mtoto wa kike hapigi mbinja," ukasema, na ulikuwa unaniiga mimi, sauti yangu kabisa.

"Leo piga. Nitaziba masikio."

Ukapiga. Mdomo umekauka kwa saumu, ukaanza vibaya, ukaulamba, ukaanza tena. Ikashuka. Yote, mpaka chini, na ile ndogo ya mwisho pale anapoweka mguu mchangani. Hukukosea mahali. Halafu ukaendelea kukuna nazi, na bila ya kuinua kichwa ukasema, "Kama ningeliingiza lile boksi mapema, tungekuwa naye mpaka leo."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Angalia vidole." Hilo ndilo nililosema.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Nimekosa mengi kwa haraka, lakini lile la Jumatatu halikuwa la haraka. Nilikuwa na muda wote.

Sitakuomba unisamehe leo. Ukinisamehe leo utakuwa umenisamehe kwa sababu kesho unaondoka, na mimi namjua binti yangu, atafanya ili tu kazi iishe na chombo kioshwe. Kaa nalo. Kasirika ukitaka. Huko milimani juu ya Voi kuna baridi, hasira itakupa joto. Ila lile boksi liweke chini. Hata kama hukulisikia lolote jingine humu, hilo lisikie: kanda haikuwamo. Ulipokuwa ukizipangusa kwa gauni ulikuwa unapangusa taarabu za watu.

Ndani ya sanduku, katikati ya blanketi, kuna kanda. Ndiyo hiyo. Nimeitoa kwenye bati la unga. Ukiiweka utasikia taarabu ndefu, ivumilie, au ipeleke mbele, utaujua mwisho kwa ule mkwaruzo. Baada ya hapo ni yeye. Siku ile ya kumrekodi nilidhani nimezima, kumbe mashine inazunguka, na wewe ulikuwa umeiinamia redio mpaka kivuli chako kimeifunika. Anasema, "Sogea, mama. Sogea huku karibu." Halafu inakatika. Ni hilo tu lililobaki, na limesemwa kwako, halikusemwa kwangu. Vimeno nimevivunja leo asubuhi. Vyote viwili. Vilitoa sauti ndogo sana.

Na simu aliyoniachia Mzee Nzai, hiyo inabaki nami. Mbinja iko ndani. Hamsini hazikutosha zote, kwa hivyo nilikata. Zamani ningekata kule mwisho, ningesema aah, watu wameshaelewa. Mara hii nimekata katikati ya kupanda, vile vidato vya juu juu, na kushuka nimekuachia kamili kama ulivyonipigia. Mama Kioko aliisikia akasema, "Sasa ndege amepona."

Nambari nimeiandika ndani ya jalada la kanda. Hakuna mwingine aliyepewa, hata Mzee Nzai, hata mjomba wako. Haijalia kwa mtu yeyote bado. Mtandao unashika hapa dirishani tu, juu ya hili kreti, na hapa ndipo itakapokaa. Shuleni kwenu wamesema kuna simu ya sarafu karibu na lango. Ukiwa tayari, mwezi ujao, muhula ujao, wewe ndiye utakayejua.

Utakapopiga, wewe hutaisikia mbinja. Utasikia ule mlio wa simu wa watu wote, wa kukoroma. Na mimi sitapokea upesi. Usifikiri sipo, usifikiri nimekasirika, usikate. Sarafu haimezwi mpaka mtu apokee, nimeuliza. Ni kwamba huku kwangu kuna mtu ameshika mnazi na anapanda, na mara hii sikimbilii chungu. Nitasimama hapo chini mpaka aweke mguu mchangani.

Nakuona unakuja. Kichwa chako kimekuwa kidogo kama dafu, na masikio ni ya Bakari matupu.

Mamako,
Mwanaidi